Kabla Hujakata Tiketi ya Edinburgh

Kila mwaka, ikifika Septemba, kuna wenzetu kadhaa wanaopanda ndege kwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili kwa ufadhili. Tunawaaga, tunawapa ushauri mwingi: nunua koti zito, beba dagaa, usisahau adapta ya plagi. Mimi pia niliagwa hivyo hivyo. Habari ya nauli za kule hakuna aliyenigusia, na nauli ndiyo iliyoniumiza kuliko baridi.

Nilikuwa naishi London. Siku moja ya Jumatano, mwezi wa pili, saa 12 jioni, nikapata ujumbe kwamba dada mmoja tuliyesoma naye hapa chuoni, ambaye wakati huo alikuwa anasoma Edinburgh, amefiwa na mama yake nyumbani. Kurudi Tanzania hakuweza. Watanzania wachache waliokuwa jirani wakapanga kukutana kwake kesho yake, saa 5 asubuhi, wasali naye na wampe rambirambi. Nikasema lazima niende. Huyu dada ndiye aliyeniazima bumu lake mwaka wa pili, langu lilipochelewa.

Basi nikafanya kama ambavyo ningefanya hapa nyumbani. Nikalala, nikaamka alfajiri, nikaenda stesheni ya King's Cross kukata tiketi dirishani. Treni ya saa 1 asubuhi ilikuwepo na siti zilikuwepo. Nikaambiwa nauli: zaidi ya pauni 150, kwenda tu. Kwa kiwango cha wakati ule ni karibu laki tano za Kitanzania. Nikafikiri nimesikia vibaya. Nikauliza tena, nikajibiwa vile vile, kwa upole. Nikalipa, maana nyuma yangu kulikuwa na foleni na mbele yangu kulikuwa na msiba.

Nilifika Edinburgh saa 5 na nusu. Hadi nipate basi la mjini na kuiona nyumba, sala ilikuwa imekwisha na mchungaji ameshaondoka. Nikamkuta jamaa mmoja ambaye naye alikuwa anaishi London, amekaa pale tangu asubuhi, amekwishapika chai ya watu. Yeye alikuja na basi la usiku. Aliondoka London usiku ule ule tuliopata taarifa, akafika saa 2 asubuhi, na nauli yake ilikuwa pauni thelathini na kitu. Rambirambi yake ilikuwa pauni 50. Yangu ilikuwa 10, kwa sababu ndizo nilizobaki nazo.

Yaani nililipa mara nne au tano ya mwenzangu, nikafika baada yake, na nikatoa kidogo kuliko yeye. Sikuibiwa na mtu. Nililipa kwa kutojua. Ndiyo maana naandika somo hili, ili anayeondoka Septemba ijayo asije akalipa alicholipa mwandishi.

Nauli ya kule ni kitu gani?

Tuanze na tulichozoea. Hapa kwetu nauli inafuata umbali. Mabasi ya mikoani yana nauli elekezi ya LATRA kwa kilomita na kwa daraja. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, nauli ya treni ya kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000. Ukate leo usafiri kesho, au ukate leo usafiri wiki ijayo, ni 31,000. Desemba wapiga debe wa stendi wanaweza kukuongezea, lakini hata wewe unajua kwamba umeongezewa.

Kule umbali ni sehemu ndogo tu ya hesabu. London hadi Edinburgh ni kama kilomita 630 kwa reli, na ndani ya behewa moja utakuta abiria aliyelipa pauni 40 amekaa na aliyelipa zaidi ya 150. Wanapelekwa mahali pale pale, kwa mwendo ule ule. Tofauti yao ni hii: mmoja aliahidi mapema kwamba atapanda treni hii na si nyingine. Mwingine hakuahidi kitu, akabaki na uhuru wa kuamua asubuhi ile. Uhuru huo ndio anaolipia.

Ukilishika jambo hilo moja, mengine yote yanafuata. Kila punguzo utakaloliona kule ni malipo unayopewa kwa kuachia uhuru fulani: wa kuchagua saa, wa kubadili mawazo, wa kufika haraka, au wa kulala kitandani. Kazi ya mwanafunzi mwenye posho ndogo ni kujua ni uhuru upi anaweza kuuachia, na upi hawezi.

Aina tatu za tiketi za treni

Ukifungua tovuti ya tiketi utakutana na majina matatu. Yashike kama yalivyo, kwa kuwa ndivyo yanavyoandikwa kwenye tiketi.

Ya kwanza ni Advance. Hii ni ya treni moja tu, ya tarehe moja na saa moja. Ukichelewa kwa uzembe wako, tiketi imekufa, unakata nyingine. Hairudishwi pesa ukighairi, ingawa kabla treni haijaondoka unaweza kubadilisha saa kwa kulipa ada na tofauti ya nauli. Hairuhusu kushuka njiani, ukatembelea mji, kisha ukaendelea. Kwa masharti yote hayo, ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Huuzwa kwa mafungu: fungu la bei ya chini likiisha, linafuata la bei ya juu kidogo, na kadhalika. Ndiyo maana bei inapanda kadiri siku inavyokaribia.

Ya pili ni Off-Peak. Hii unaweza kupanda treni yoyote nje ya saa za msongamano, yaani nje ya asubuhi ya watu kwenda kazini na, katika njia nyingine, jioni ya kurudi. Wikiendi kwa kawaida ni nafuu siku nzima. Unaweza kuirudisha ukakatwa ada ndogo. Angalizo moja: katika njia nyingi tiketi ya kwenda na kurudi ya Off-Peak inazidi ya kwenda tu kwa pauni moja au chini ya hapo, na kurudi unaruhusiwa ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo kama utarudi, usikate ya kwenda tu bila kutazama bei ya zote mbili.

Ya tatu ni Anytime. Treni yoyote, saa yoyote. Hii ndiyo niliyouziwa siku ile ya Alhamisi asubuhi, saa ambayo kila mfanyabiashara anayelipiwa na ofisi yake anasafiri. Mwanafunzi aione kwa macho, asiiguse.

Lini ununue

Kwa kawaida ratiba kamili ya treni huthibitishwa kama wiki 12 kabla ya siku ya safari, na tiketi nyingi za Advance huanza kuuzwa kuanzia hapo. Kwa hiyo kama unajua kwamba mwezi wa nne unakwenda kumtembelea rafiki Glasgow, weka alama kwenye kalenda mwezi wa kwanza. Huna haja ya kukesha siku ile ile. Ila usisubiri wiki ya mwisho.

Jifunze pia siku za kuepuka. Ijumaa jioni na Jumapili jioni treni hujaa na bei hupanda. Jumapili na siku za sikukuu ndizo hutumika sana kutengeneza njia, na unaweza kujikuta sehemu ya safari unapakiwa kwenye basi. Tarehe 25 Desemba treni hazitembei kabisa, na siku inayofuata ni chache mno. Mabasi ya masafa huwa yapo machache siku hiyo ya Krismasi, ila nayo hujaa mapema. Kama umealikwa Krismasi mji mwingine, nenda tarehe 23.

Wapi ununue? Kila kampuni ya treni inauza kwenye tovuti yake tiketi za kampuni zote, si zake tu, na haikutozi ada ya kukatia. Baadhi ya programu maarufu za simu zinauza tiketi ile ile kwa bei ile ile, kisha zinaongeza ada juu yake. Tumia programu hizo kuangalia saa ukipenda, kisha kanunue pasipo na ada.

Kadi ya punguzo

Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza pesa kwa kudhani kwamba jambo halituhusu. Kuna kadi iitwayo 16-25 Railcard. Inakupunguzia theluthi moja ya nauli kwa mwaka mzima, na tangu Machi 2025 inauzwa pauni 35. Mtu wa miaka 31 anaiona hiyo 25, anaondoka. Kumbe mwanafunzi wa kutwa mwenye umri zaidi ya miaka 25 naye anaruhusiwa, ilimradi chuo chake kithibitishe kwamba anasoma. Mimi nilikuwa na miaka 29, nikaishi miezi mitano bila kadi kwa sababu ya kusoma namba ya kwanza tu. Kuna pia ya miaka 26 hadi 30, ambayo haihitaji uwe mwanafunzi.

Fanya hesabu. Theluthi ya pauni 105 ni 35. Kwa hiyo ukitumia pauni 105 za nauli kwa mwaka, kadi imejilipa, na kila safari baada ya hapo ni faida. Anayesafiri mara mbili tu kwenda mbali ameshafika hapo.

Masharti yake ni mawili ya kukumbuka. Kwanza, asubuhi za siku za kazi kuna nauli ya chini ambayo punguzo haliwezi kuivuka, ila sharti hilo haligusi tiketi za Advance. Pili, kadi lazima uwe nayo safarini. Mkaguzi akija na simu yako imezimika, tiketi yenye punguzo bila kadi inahesabika kama hujalipa ipasavyo. Ingia ndani na chaji ya kutosha. Na usijaribu kusafiri bila tiketi kwa kutegemea kuomba msamaha: kwenye treni nyingi za England faini ni pauni 100 pamoja na nauli yenyewe. Kule hakuna konda wa kumwambia “kaka, nisaidie.”

Mkiwa kundi, ulizeni bei ya kundi. Kampuni kadhaa zinapunguza theluthi kwa watu 3 hadi 9 wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano, bila kadi yoyote. Mkiwa wawili tu, mke na mume au marafiki, kuna kadi ya watu wawili, inayotumika tu mkisafiri pamoja.

Kugawa safari

Jambo hili nilifundishwa na mwenzangu bwenini, nikadhani ananifundisha kuiba. Si wizi, ni halali kwa kanuni zao wenyewe.

Nauli ya reli kule hupangwa kwa jozi ya stesheni, si kwa kujumlisha kilomita. Nauli ya London hadi Edinburgh imepangwa peke yake, ya London hadi York peke yake, ya York hadi Edinburgh peke yake. Kwa hiyo hakuna ulazima kwamba mbili za nyuma zikijumlishwa zitalingana na ile ya kwanza. Wakati mwingine zinazidi. Wakati mwingine zinapungua kwa kiasi cha kununulia mchele wa mwezi.

Unachofanya ni kukata tiketi mbili: moja London hadi York, nyingine York hadi Edinburgh, zote za treni ile ile. Hushuki York. Unabaki kwenye behewa lako, pengine unahama siti tu kama umepangiwa mbili tofauti. Sharti ni moja kubwa: treni uliyopanda lazima isimame kwenye stesheni uliyogawia. Ikipita moja kwa moja bila kusimama York, tiketi zako hazifai. Zipo tovuti zinazokupigia hesabu hii zenyewe, lakini nyingine huchukua sehemu ya faida, kwa hiyo jifunze kujaribu mwenyewe kwa stesheni kubwa za katikati.

Ndugu wa mbinu hii ni treni ya pole pole. London hadi Birmingham, kwa mfano, kuna treni za haraka kutoka Euston zinazotumia saa moja na dakika ishirini na kitu, na kuna za kampuni nyingine, kutoka Euston hapo hapo au kutoka Marylebone, zinazochukua muda zaidi kwa nauli ndogo zaidi. Kati ya London na Edinburgh pia kuna kampuni zaidi ya moja kwenye njia moja. Iitwayo Lumo, iliyoanza mwaka 2021, ina daraja moja tu na inashindania abiria wa bei ndogo. Tiketi ya kampuni moja haipandi treni ya kampuni nyingine, hivyo soma jina kabla hujaingia behewani.

Basi

Sasa tuje kwenye basi, alilopanda yule jamaa wa chai. Mabasi ya masafa marefu ya kule yanafanana na yetu ya daraja la juu: siti ya kulala kidogo, choo nyuma, mahali pa kuchajia simu. National Express ndiyo ya siku nyingi, na FlixBus imeingia miaka ya karibuni. Scotland kuna Citylink. National Express nayo ina kadi ya vijana na wanafunzi wa kutwa inayopunguza theluthi moja, kwa bei ndogo kuliko ile ya reli.

Bei ya basi nayo hupanda siku ikikaribia, lakini haipandi kwa wazimu wa treni. Basi linalokula saa tisa au zaidi hadi Edinburgh linakuuzia usingizi mbovu, ila linakuokolea na pesa ya kulala hotelini, kwa kuwa usiku umelala barabarani. Kwa safari ya kikazi ambayo unatakiwa kuwa na akili timamu saa 3 asubuhi, fikiri mara mbili. Kwa safari ya kwenda kukaa na watu wako, beba sweta, mto wa shingo na maandazi.

Mambo matatu ya basi. Kwanza, kituo kikuu cha London, Victoria Coach Station, si stesheni ya treni ya Victoria. Viko jirani, lakini ukishuka na begi kubwa ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu, na watu wengi wameachwa na basi wakiwa wamesimama stesheni isiyo yenyewe. Fika nusu saa kabla. Pili, soma masharti ya mizigo kabla ya kukata tiketi. Hakuna kubandika magunia juu wala kuelewana na utingo. Tatu, ukiunganisha basi na treni kwa tiketi mbali mbali, basi likichelewa treni haikungoji na hakuna atakayekufidia. Acha nafasi ya saa mbili katikati, au usiunganishe.

Saa yao na saa yetu

Hili linaonekana dogo, lakini nimeona msomi wa uzamili likimwachisha basi. Tiketi zote zimeandikwa kwa saa 24. Ukiona 19:00 ni saa 1 jioni, 07:00 ni saa 1 asubuhi. Mtu aliyezoea kuwaza kwa Kiswahili, akiwa amechoka, anaiona 07 anawaza saa 7 mchana. Ikate kwa macho mawili.

Mtego mkubwa zaidi ni usiku wa manane. Basi la 00:05 la tarehe 15 linaondoka dakika tano baada ya tarehe 14 kuisha. Yaani unatakiwa uwe kituoni tarehe 14 usiku. Mwenzetu mmoja alifika tarehe 15 usiku, na begi lake limefungwa vizuri, akiwa amechelewa kwa karibu saa 24. Hapa Kiswahili chetu kina msaada ambao Kiingereza hakina. Ukikata tiketi ya namna hiyo, andika kwenye daftari lako: “usiku wa kuamkia tarehe 15.” Huwezi kupotea tena.

Na ukishajua saa ya kuondoka, piga hesabu kutoka mlango hadi mlango. Tiketi ya bei ya chini ya saa 11 alfajiri si ya bei ya chini kama inakulazimu kukodi teksi kwa sababu treni za chini ya ardhi hazijaanza. Mabasi ya mjini ya usiku yapo London, ila yanakwenda taratibu. Jumlisha yote, kisha ndipo ulinganishe.

Treni ikichelewa, pesa ni yako

Kuna haki moja ambayo sisi tunaiacha mezani kwa kuona haya kudai. Treni ikichelewa kukufikisha, kampuni nyingi zinakulipa fidia. Utaratibu wa kawaida ni huu: ukichelewa dakika 15 hadi 29 unarudishiwa robo ya nauli ya kwenda, dakika 30 hadi 59 nusu, na ukifika saa nzima unarudishiwa yote ya upande huo. Baadhi ya kampuni huanzia dakika 30. Unajaza fomu kwenye tovuti ya kampuni, unaambatanisha tiketi, na unatakiwa kufanya hivyo ndani ya siku 28. Haijalishi kama tiketi ilikuwa ya bei ndogo. Haijalishi kama sababu ilikuwa mvua.

Na kama safari yako ni moja yenye treni mbili, ya kwanza ikachelewa ukaikosa ya pili, tiketi yako ya Advance haijafa. Kosa si lako, una haki ya kuendelea na treni inayofuata. Mwone mhudumu wa stesheni, mwonyeshe tiketi, asubuhi njema, kwisha.

Treni ikifutwa kabisa ukaamua usiende, unarudishiwa pesa zote, hata za Advance. Kwa hiyo usitupe tiketi yoyote hadi wiki mbili baada ya safari.

Na safari isiyopangika?

Najua mtaniuliza: haya yote ya wiki 12 yanamsaidia nini mtu aliyepata taarifa ya msiba saa 12 jioni? Swali hilo nimejiuliza mara nyingi kuliko ninyi.

Jibu ni kwamba mipango ya safari ya ghafla hufanyika kabla ya ghafla. Tangu siku ile nilikuwa na vitu vitatu tayari kwenye simu yangu. Kadi ya punguzo iliyo hai. Programu za kampuni mbili za basi, zikiwa na jina langu na kadi ya benki tayari. Na orodha fupi ya miji ambayo nina mtu: Edinburgh, Leeds, Cardiff, na kwa kila mji nimeandika basi la mwisho la usiku linaondoka saa ngapi.

Taarifa ikija, fuata mpangilio huu. Kwanza tazama basi la usiku huo huo. Usilale kwanza. Usingizi wangu wa usiku ule ulinigharimu zaidi ya pauni 100 na sala niliyoifuata. Pili, kama basi limejaa, tazama Advance za kesho, kwa kuwa kampuni kadhaa huziuza hadi siku yenyewe, ingawa si kwa bei ya chini kabisa. Tatu, jaribu kugawa safari, na tazama treni zinazoondoka baada ya saa 4 asubuhi. Nne, kama kadi yako ipo, iweke kwenye kila hesabu. Anytime ya dirishani iwe ya mwisho kabisa, na ukiilipa, uilipe ukijua kwamba umekwishatazama pote.

Tena piga simu. Kama siku ile ningemuuliza mtu mmoja tu kwenye kundi letu la WhatsApp, “wenzangu, mnakwendaje?”, yule jamaa angenijibu, na tungekaa siti za jirani hadi Edinburgh. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuonekana sijui. Ninyi ulizeni.

Yule dada hakunilaumu kwa kuchelewa wala kwa zile pauni 10. Alinishika mkono, akaniambia, “Umetoka London asubuhi hii yote? Kaa, ule.” Nikala wali wa msibani nikiwa na tiketi ya zaidi ya pauni 150 mfukoni. Baada ya miezi minne alimaliza masomo, nikaenda kumpongeza. Mara hii nilikata Advance wiki 9 kabla, nikaigawa York, nikaweka kadi. Kwenda na kurudi haikufika pauni 60. Zilizobaki nilimnunulia zawadi, na nilifika kabla ya mtu yeyote.